Usingoje msiba ndipo umkumbuke mama

Mwongozaji filamu wa Japani, Hirokazu Kore-eda, alianzia kwenye televisheni, akitengeneza vipindi vya maisha halisi ya watu. Filamu yake ya kwanza ya hadithi ilitoka mwaka 1995.

Mama yake alipofariki, alibaki na majuto kwamba hakumfanyia vya kutosha. Majuto hayo yakazaa Still Walking ya mwaka 2008: watoto wanarudi kwa wazazi wazee kumkumbuka kaka yao aliyekufa maji akimwokoa mtoto. Hakuna vita humo. Kuna mapishi ya mama, maneno ya kuchoma na ahadi zisizotimizwa.

Mwaka 2018 alitwaa tuzo kuu ya Cannes, tena kwa kisa cha familia.

Wewe je, mara ya mwisho kumjulia hali mama ilikuwa lini?