Yaliyopita Ni Ndwele

Jumamosi tulimzika jirani yangu, mzee aliyepigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Mchungaji akafunga mahubiri kwa methali ile ile ya siku zote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nayakumbuka mayowe ya marehemu usiku wa manane, miaka arobaini tangu Amin akimbie Kampala. Nikainuka, nikatoka nje.

Methali hiyo ni uongo. Mwongozaji wa Kifaransa Alain Resnais aliuanika mwaka 1963 katika filamu yake Muriel, ambayo kwetu wachache mno wameiona. Ndani yake, askari Bernard amerudi mji wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, kutoka vita vya Algeria, mzima wa viungo. Anamuaga mama yake wa kambo kwamba anakwenda kwa Muriel, na mama anadhani ni mchumba. Kumbe Muriel ni msichana ambaye Bernard na askari wenzake walimtesa hadi akafa. Hata jina hilo Bernard haamini kwamba lilikuwa la msichana huyo. Sura yake hatuioni kamwe. Tunachokiona ni mkanda wa askari wakila na kucheka, huku Bernard akisimulia mateso yale. Robert, aliyekuwa naye siku hiyo, anatembea mji huo huo bila wasiwasi. Mwishowe Bernard anampiga risasi.

Hiyo si ndwele? Mwandishi wa filamu hiyo, Jean Cayrol, alinusurika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, alijua anachokiandika. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyoikumbatia methali ya mchungaji wetu. Mapigano ya Algeria ya 1954 hadi 1962 iliyaita shughuli za kulinda utulivu, na sheria ya kuyaita vita ikapitishwa mwaka 1999. Askari akiambiwa hakukuwa na vita, jinamizi lake alipeleke wapi?

Pale nje msibani nilimgusia bwana mmoja jinamizi la marehemu, akaniambia hayo ni ya Wazungu, Mwafrika ana moyo mgumu. Moyo mgumu! Mzee yule alilala na taa ikiwaka mpaka siku anakufa. Ni watu wa aina hii wanaosema mgonjwa wa akili karogwa.

Ukiwa na baba au babu aliyerudi kutoka vitani, zima runinga leo jioni, kaa naye, muulize. Huyu tuliyemzika, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.