Sindano ya Nyonga Si Dhambi, Acheni Kuwatesa Wamama

Leo sitawafurahisha wote, na nimekubali.

Jumatatu usiku nilipigiwa simu na mama mmoja wa kanisa letu. Ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Analima viazi upande wa Molo, ana miaka hamsini na kitu, na ana sukari. Nyonga yake ya kulia imemuuma tangu mvua za mwaka jana. Hawezi kulalia upande huo. Kupanda matatu lazima ashikwe mkono. Kwenye kesha huwa anasimama nyuma kabisa aegemee ukuta, na sisi tulidhani amepoa kiroho! Daktari amemwambia kuna kifuko cha maji kati ya mfupa na kano za nyonga ambacho kimevimba, na kwamba anaweza kufanya mazoezi au kudungwa sindano ya steroidi. Ameyazoea maumivu, hayo hayamlizi tena. Alilia kwa sababu watu wa maombi walimwambia akikubali sindano amemkana Mponyaji.

Nani aliwapa mamlaka hayo?

Najua mstari wenu. Ni Mfalme Asa, 2 Mambo ya Nyakati 16, aliyeugua miguu akawatafuta waganga bila kumtafuta Bwana. Haya, someni sura yote. Asa alikuwa ametoa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana kumnunua mfalme wa Shamu, na nabii alipomkemea akamtupa gerezani. Ugonjwa ulimkuta tayari ameshamwacha Mungu kitambo. Mama wa viazi amemtupa nani gerezani? Huyu anafunga Jumatano na Ijumaa.

Na mbona hamfiki Isaya 38? Mungu alimwahidi Hezekia miaka 15 zaidi, na nabii yuleyule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Ahadi na dawa, mdomo mmoja. Yakobo naye, Mwanzo 32, alibarikiwa usiku na asubuhi akatoka akichechemea, nyonga hiyohiyo tunayoizungumzia. Sijasoma mahali mtu alimwambia imani yake ni haba.

Mnasema steroidi ni kitu kigeni kwenye hekalu la Roho. Ndugu yangu, tezi mbili zilizo juu ya figo zako zinatengeneza jamaa yake kila siku, na asubuhi ndiyo zaidi. Dawa hii ilianza kujulikana mwaka 1948, pale Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipomdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, akatembea baada ya siku chache. Walijifunza kwa kile ambacho Muumba alikuwa ameshaweka mwilini.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni unafiki. Wengi wanaokataza sindano ya daktari wana kichupa cha "dawa ya viungo" kwenye mkoba, kilichonunuliwa kwa mchuuzi aliyepanda basi akahubiri kuliko mimi. Hakina orodha ya kilichomo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Walipovipima walikuta deksamethasoni na diklofenaki, na hazikuandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi! Kwa hiyo mtu anaweza kukataa sindano moja mbele za watu, kisha ameze steroidi kila siku gizani, bila kipimo wala daktari. Uso unavimba, unakuwa mviringo, na sisi kanisani tunasema dada amenawiri, Mungu amembariki. Na kama umeshazitumia muda mrefu usiziache ghafla, maana zile tezi zimelala na unaweza kuzimia. Nenda hospitali useme ukweli wote.

Vivyo hivyo ile sindano ya kemisti, unadungwa tu makalioni hujui ni nini. Siyo hiyo ninayoitetea. Ninayoitetea inawekwa na aliyesomea, mahali penyewe panapouma.

Sasa nigeukie wanaoikimbilia kama mafuta ya upako. Nanyi tulieni. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa watu 204 wenye maumivu haya ya pembeni mwa nyonga. Wengine walipewa mafunzo na mazoezi, wengine sindano moja, wengine wakaambiwa wasubiri. Baada ya wiki 8, waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa kama 77 kwa 100 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, 29 kwa waliosubiri. Baada ya mwaka, wa mazoezi walikuwa bado mbele, na wa sindano walikuwa karibu sawa na waliosubiri. Maana yake sindano inasaidia, lakini msaada wake ni wa muda. Mara nyingi tatizo kubwa ni kano za misuli ya makalio zilizochoka, na sindano ikirudiwarudiwa inaweza kuzidhoofisha.

Kwa mwenye sukari, sindano inaweza kuipandisha kwa siku kadhaa. Hilo mama huyu hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwenye kikundi, walikuwa wanashughulika na pepo.

Nilimwambia hivi: Mama, mimi si daktari, na hili ni lako na daktari wako. Ningekuwa wewe ningeanza na mazoezi. Kama maumivu yanakunyima usingizi hata mazoezi hayawezekani, sindano moja ikupe nafasi ya kuyafanya si aibu. Muulize daktari sukari yako ifuatiliwe vipi, na atadunga mara ngapi kwa mwaka. Ukipata homa au pale alipodunga pakiwa pekundu na moto, rudi siku hiyohiyo. Nitakuombea ukienda na nitakuombea usipoenda.

Waliomwambia amemkana Bwana, mnajijua. Mpigieni simu kabla ya Jumapili. Na nimewaona wawili wenu mnasoma posti hii kwa miwani.

Alhamisi baada ya ibada ya jioni, dada yetu mmoja wa fizio ataonyesha wamama mazoezi ya nyonga pale ukumbini. Pia atafundisha mambo madogo kama kulala na mto katikati ya magoti, kutokunja nne, na kutosimama umeegemea mguu mmoja na mtoto nyongani. Njooni na leso ya kutandika. Wazee pia mnakaribishwa, najua nyonga zenu zinauma, ni vile tu hamsemi.