Waacheni Wafunge Nukta Nyekundu

Mwandishi anayedai kwamba kufunga kilengeo cha nukta nyekundu kwenye bunduki ya mitutu miwili ni kuivunjia heshima ameitetea bunduki akamsahau nyati. Twende naye Pori la Akiba Rungwa, wilayani Manyoni. Katika miombo ile nyati hupigwa kwa karibu, mara nyingi akiwa kivulini, mweusi ndani ya weusi. Vilengeo vya chuma hulidai jicho lione vitu vitatu kwa pamoja: mwanya wa nyuma, ncha ya mbele na bega la mnyama. Jicho la mtu wa miaka 60 haliwezi. Kimojawapo kitafifia tu, na wageni wa umri huo wanaokuja kuwinda wapo wengi. Nukta hukaa juu ya bega lenyewe, macho yote mawili yakiwa wazi.

Risasi ya bunduki ya kipimo cha .470 ina gramu 32 hivi. Ikipiga tumbo badala ya moyo, ukubwa huo haumfai mtu. Wanaoingia kichakani kufuata damu ni mwindaji bingwa, wafuatiliaji nyayo na askari wa wanyamapori. Mila anazozitetea mwandishi huyo zinalipiwa kwa miili yao.

Anasema betri huisha. Kweli, kwa hiyo vilengeo vya chuma vibaki mahali pake, na kifaa kifungwe chini kabisa kwa vishikizo vinavyofunguka haraka. Hoja yake ya teke la bunduki ina uzito zaidi: kifaa hafifu hulegea. Basi kinunuliwe imara, kisha mitutu yote miwili ijaribiwe kwa aina ileile ya risasi ambayo fundi aliitumia kuilinganisha mitutu hiyo. Asiyefanya hivyo asiruhusiwe kumlenga nyati.