Gisenyi: hofu inapopita, moyo hubaki na mzigo

Tarehe 27 Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuuwania mji wa Goma, makombora yalivuka mpaka na kuangukia Gisenyi, yakaua raia na kujeruhi wengine. Wahanga walihesabiwa. Ni vigumu zaidi kuhesabu madhara ya hofu yenyewe, ambayo huingia mwilini bila kuacha jeraha.

Kwa wakazi wa Rubavu, hofu haikuwa ngeni. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika usiku.

Mtu anaposhtuka, mwili humwaga adrenalini: moyo hupiga mbio, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Hatari ikipita, hali hurejea kawaida. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo uliojificha, mshtuko mmoja waweza kutosha. Mji wa Los Angeles, Marekani, ulipotikiswa na tetemeko tarehe 17 Januari 1994, vifo vya ghafla vya moyo vilifikia 24 siku hiyo, ilhali wastani wa siku zilizotangulia ulikuwa chini ya 5.

Msongo usiokwisha pengine ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauonekani. Mwanamke anayevusha mboga kwenye Petite Barrière, ambaye riziki yake hukatika mpaka unapofungwa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, hubeba wasiwasi kwa miezi. Usingizi hupungua, wengine hukimbilia pombe au sigara, na shinikizo la damu huzoea kukaa juu. Utafiti wa INTERHEART, uliohusisha nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, uliutaja msongo miongoni mwa vihatarishi vikuu 9 vya mshtuko wa moyo.

Nchini Rwanda kuna utata mwingine. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kiwewe kiliitwa ihahamuka, neno linalohusishwa na ibihaha, yaani mapafu: pumzi hukatika, moyo hudunda. Dalili hizo hufanana mno na za moyo unaougua, na anayebanwa kifua huweza kuambiwa ni woga tu. Maumivu ya kifua yanayodumu zaidi ya dakika chache, hasa yakienea mkononi au tayani na kuambatana na jasho, yanahitaji hospitali mara moja, hata kwa mwenye historia ndefu ya kiwewe. Naye aliyepimwa moyo ukaonekana mzima bado anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, si kurudishwa nyumbani tu.