Dawa za Kuharisha Si Dawa za Kupunguza Unene

Mtumishi atokaye Posta wakati wa mapumziko ya mchana, akapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, haoni shida kupata dawa ya kuharisha. Vipo vidonge katika maduka ya dawa. Yapo majani ya sanamaki yanayouzwa kandokando ya iliki na karafuu. Zipo pia pakiti za kile kinachoitwa chai ya kupunguza tumbo, zilizopambwa kwa picha ya kiuno chembamba na maandishi ya kigeni ambayo si muuzaji wala mnunuzi anayeyasoma. Majina ni mengi, lakini nyingi za chai hizo nguvu yake hutokana na sanamaki ile ile iliyo kwenye meza ya jirani, ila bei yake imepandishwa mara kadhaa.

Ieleweke kwamba dawa za kuharisha si ngeni wala si haramu. Wazee wa pwani walijua shubiri na mafuta ya mbarika kabla ya famasi ya kwanza kufunguliwa mjini, na waliopita katika zahanati za zamani hawajasahau ladha ya haluli. Mgonjwa aliyelala kitandani kwa muda mrefu, au anayetumia dawa kali za maumivu, huweza kuzihitaji, na daktari humpa kwa kipimo. Hata mtu mzima wa kawaida aliyefunga choo anaweza kutumia sanamaki kwa siku chache, isizidi wiki moja. Linalosikitisha ni kwamba wanaonunua bidhaa hizi leo wengi wao hawakufunga choo. Wanataka kupungua unene, au wameambiwa kwamba tumbo lina uchafu wa miaka mingi unaopaswa kusafishwa.

Madai ya kupunguza unene hayana msingi. Chakula cha binadamu hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Sanamaki na vidonge vya jamii yake hufanya kazi katika utumbo mpana, tena saa nane hivi au zaidi baada ya kumezwa. Dawa inapoanza kazi, chapati na chipsi za mchana zimekwisha kuingia katika damu. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walipima jambo hili kwa watu waliomeza dawa nyingi za kuharisha na kutoka maji kwa lita. Walikuta kwamba nguvu ya chakula iliyozuiwa kuingia mwilini ilikuwa takriban asilimia 12 tu. Kinachopungua kwenye mizani asubuhi ni maji na chumvi za mwili, na mtu akinywa maji uzito wake hurudi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwili uliopotezewa maji kila siku hujifunza kuyashikilia. Mtumiaji akiacha dawa kwa siku chache, miguu na uso huweza kuvimba, naye huona kwamba amenenepa zaidi ya mwanzo. Hurudi dukani, na safari hii kidonge kimoja huwa vitatu. Wakati huo madini ya potasiamu yanaendelea kupotea. Misuli hulegea, figo huumia, na mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo hadi kuua. Muuzaji wa chai hiyo hayupo wakati mgonjwa anapofikishwa Muhimbili.

Ama hadithi ya uchafu wa miaka mingi, hiyo ni kuukuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja maarufu wa London, Arbuthnot Lane, aliamini kwamba sumu ya kinyesi ndiyo chanzo cha maradhi chungu nzima, akawakata watu utumbo mpana ili kuwaponya. Utabibu uliachana na imani hiyo zamani. Ngozi laini ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache. Si sufuria la shaba linalongoja kusuguliwa kwa majivu.

Wapo, hata hivyo, watumishi na walimu ambao choo chao ni kigumu kwelikweli, na hao hawafai kuchekwa. Mtu anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri ili awahi kazi mjini huondoka nyumbani saa ile ile ambayo mwili wake ungetaka kwenda chooni. Hujizuia ndani ya basi, hujizuia kazini, kisha haja yenyewe hupotea. Hunywa chai kwa chapati, hula chipsi, halafu huogopa kunywa maji kwa sababu choo cha ofisi kimefungwa na ufunguo hajulikani anao nani. Mwalimu naye yumo katika hali hiyo hiyo, pengine mbaya zaidi. Kiwango cha Serikali kwa shule ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na shule nyingi bado hazijakifikia. Kumuuzia sanamaki mtu wa namna hiyo ni kumtibu yeye badala ya kutibu ratiba na jengo. Mkuu wa ofisi anayehakikisha kwamba choo kina maji na kimefunguliwa anazuia maradhi mengi kuliko duka zima la chai za tumbo.

Na chakula je? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wengi katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili maradhi na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ilifuata Chakula ni Uhai. Mafunzo ya aina hiyo hayajapitwa na wakati. Dona, maharage, mchicha, kisamvu na papai lililoiva hulainisha choo bila kumdhuru mtu, na vyote vinapatikana Kariakoo kwa bei iliyo chini ya pakiti moja ya chai hizo.

Lipo kundi la tatu ambalo ni la kuhurumiwa kuliko yote, nalo walimu wa sekondari na vyuo wanaweza kuliona kabla ya wazazi. Ni wasichana, na wavulana wachache, ambao hofu ya kunenepa imegeuka maradhi ya akili. Hula kwa siri chakula kingi, kisha hujitapisha au kumeza dawa za kuharisha. Daktari Gerald Russell wa London aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1979 na kuyapa jina la bulimia nevosa. Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwa kuwa huku mtu akinawiri husifiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahusu wanawake na wasichana 214 wa Tanzania, ulikuta kwamba dalili za matatizo ya ulaji zipo hapa pia. Sasa picha za viuno vyembamba zimo katika simu ya kila mwanafunzi. (Ajabu ni kwamba wauzaji wale wale wa dawa ya kupunguza tumbo huuza pia dawa ya kuongeza makalio.) Msichana anayekwenda chooni mara tu baada ya kila mlo, anayepatwa na kizunguzungu gwaride la asubuhi, ambaye begi lake lina vidonge hivyo, asifokewe mbele ya wenzake wala asipewe adhabu. Apelekwe kwa daktari, na mzazi aitwe kwa faragha.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina uwezo wa kisheria wa kukamata dawa zisizosajiliwa. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, linasimamia dawa za mitishamba. Hapana budi vyombo hivyo viwili vipite pamoja katika mitaa ya Kariakoo, na viamuru kila pakiti yenye sanamaki iandikwe hivyo kwa Kiswahili: kwamba ni dawa ya kuharisha, isitumike zaidi ya wiki moja, wala isimezwe na mtu mwenye maumivu makali ya tumbo au anayetapika, maana huyo huenda utumbo wake umeziba, na dawa hiyo itamzidishia hatari kabla hajafika kwa daktari.