Kasuku wa Kijerumani

Wako watu wasemao kuwa kujitambulisha kwa lugha ngeni ni jambo dogo, ambalo mtoto aweza kulimaliza kwa alasiri moja. Humwandikia mwanafunzi sentensi saba katika karatasi, naye huzikariri akienda huku na huko chini ya mgunga, kisha huambiwa kuwa ameanza Kijerumani. Nakataa. Hakuanza Kijerumani bali ukasuku, na ukasuku huo sasa unauzwa kwa fedha katika miji yetu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo, nilipokuwa nikijifunza lugha hiyo Nairobi wakati wa likizo, nilikariri maneno yaliyotungwa na mtu mwingine. Nilisimama nikasema jina langu, nikasema nakaa Nairobi, na kwamba burudani yangu ni kuogelea. Sikupata kuogelea maishani mwangu. Mto Tana niujuao mimi una mamba. Mwalimu alitabasamu, akaniuliza naogelea wapi, nami nikanyamaza. Kisha akanitaka nilitaje jina langu herufi kwa herufi. Jina langu lina W, J na Y. Kwa Kijerumani W hutamkwa "ve", J huitwa "yot", na Y ina jina refu kuliko yote, "Ypsilon". Sikujua hata moja. Mtu mzima, mwenye kazi ya kuwafunza walimu, nilishindwa kulitaja jina nililopewa na baba yangu.

Sikuonewa. Mtihani wa kwanza wa Kijerumani, wa kiwango kiitwacho A1, huenda vivyo hivyo. Mtahiniwa huwekewa maneno saba mbele yake: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi na burudani. Hujieleza kwa hayo. Halafu huambiwa ataje neno herufi kwa herufi, na aseme namba, kama vile ya simu. Waliotunga mtihani huo walimjua kasuku tangu zamani, wakamwekea mtego mwisho wa njia.

Linalonichoma zaidi ni kuwa kijana wa Garissa hana haja ya kuazima maneno ya mwingine, maana anaingia katika somo hili akiwa na mali tele. Sauti ya "ch" katika neno "acht", yaani nane, humtesa Mwingereza. Mtoto aliyesoma chuoni akaitamka khaa ya Kiarabu ameshaijua. (Ile ya "ich" ni laini zaidi, nayo yahitaji mazoezi.) Mjerumani husema ishirini na moja kwa kuanza na moja: "einundzwanzig". Wengi huona ni kichaa. Lakini Msomali husema "kow iyo labaatan", na Mwarabu naye huanza na moja. Kwa nini basi mwalimu amfundishe mtoto huyu namba za Kijerumani kupitia Kiingereza, kana kwamba hakuwa na lugha kabla ya hapo? Hata neno "shule", mahali usomapo ukurasa huu, asili yake ni "Schule" ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, na "hela" ni sarafu yao, Heller. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Basi lugha hizi mbili si wageni wa jana.

Herufi moja tu naomba uitazame vema, "ß", kwa sababu nimesikia darasa zima likisoma "Ich heiße" kana kwamba ina B ndani yake. Ni S tu.

Twende kwenye jina lenyewe. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, akataja baba, babu na baba wa babu, hata mababu kumi na zaidi, pasipo kukwama. Hati ya Kijerumani humwuliza "Vorname", jina lake, na "Familienname", jina la ukoo lirithiwalo na wote nyumbani. Hili la pili Msomali hana. Hujaza jina la babu yake; baba yake naye, akijaza yake, huandika jina la babu mwingine; na karani aliye mbali hushangaa baba na mwana wawezaje kuwa na ukoo tofauti. Somo la kujitambulisha lisilomweleza kijana jambo hili limemficha lililo kubwa. Karatasi ya sentensi saba hailitaji.

Kisha laja swali "Woher kommst du?", watoka wapi? Kwa mtoto wa mji mwingine hili ni swali jepesi. Kwetu sisi lina uzito. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa mistari wakachunguzwa kama ni raia, wakapewa kadi za pekee. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini Mashariki alipitia kamati za uchunguzi ili apate kitambulisho ambacho mwenzake wa mkoa mwingine alikipata bila kamati, mpaka Rais alipotangaza mjini Wajir, Februari 2025, kuwa uchunguzi huo wa ziada ukome. Nimemsikia mwanafunzi akijibu "Ich komme aus Nairobi" kwa kuwa karatasi ilisema hivyo, na mwingine kwa kuwa aliona haya. Nasema aibu hiyo si yake. "Ich komme aus Kenia, aus Garissa." Maneno sita, tena yote ya kweli.

Sasa niwageukie wauzaji. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya wafanyakazi huko Berlin. Mara habari ikaenea kuwa nafasi 250,000 zinangoja Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mapatano hayakutaja idadi yo yote. Hata hivyo wapo wanaowatoza wazazi, walio na mbuzi wachache baada ya ukame, wakiwaahidi kuwa kijana akishajua kusema jina lake tayari ni abiria. Ngazi za lugha ni sita, kuanzia A1 hata C2. Mwuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika ya nne. Kujitambulisha ni mguu wa kwanza wa ngazi ya kwanza, na yule amwambiaye mzee kinyume cha hayo amwibia.

Wenzangu wengine huniambia, "Shule zetu hazina walimu wa hesabu, tangu walimu walipouawa Kamuthe Januari 2020 wengi wa kutoka mbali wamehamishwa, wewe walilia Kijerumani?" Hoja hii naiheshimu, wala sidai Kijerumani kitangulie hesabu. Nasema tu kuwa ikiwa kitafundishwa, kifundishwe. Kukariri hakumpunguzii mwalimu kazi hata chembe. Humwongezea, maana mwaka wa pili hana budi kubomoa alichokijenga mwaka wa kwanza.

Muhula uliopita nilialikwa kusikiliza darasa la vijana wanaoanza. Msichana mmoja alisimama pasipo karatasi. Alisema jina lake, kisha: "Ich komme aus Kenia, aus Garissa. Ich spreche Somali, Suaheli, Englisch und ein bisschen Deutsch. Ich kann nicht schwimmen." Hajui kuogelea. Nilimwambia ataje jina lake herufi kwa herufi, akalitaja polepole, akakosea moja, akajisahihisha. Nikadhani amemaliza. Akanitazama, na kwa kuwa mimi ni mkubwa wake hakutumia "du" ya rika, akauliza: "Und Sie?"