Shawa ya papo hapo na maji ya chumvi

Wadau, leo naweka programu kando. Mama anataka niling'oe tangi la maji moto hapa nyumbani Makueni, nimwekee shawa ya papo hapo. Hesabu iko upande wake: kilowati 5.5 kwa dakika 10 ni kama yuniti 0.9 ya stima, wala hapashi tangi zima kwa mtu mmoja.

Lakini maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, kama sehemu nyingi za Kitui. Maji hayo hupitisha umeme vizuri mno, na shawa nyingi za kawaida koili yake iko wazi majini! Ipo ya maji ya chumvi, koili imefunikwa. Nitanunua hiyo tu, fundi akishavuta waya mnene (ampea 23 si mchezo) na kupima ethi. Mama amenuna.